Baba Bado Anangoja Darajani

Wewe unayesoma hii, kama umezoea kucheka habari za wafu kutembea, cheka sasa umalize. Mimi pia nilikuwa wa kucheka. Nina duka la dawa za mifugo hapa Matete, pombe sinywi, na siku ninayokusimulia ilikuwa saa kumi za mchana, mvua imetoka kuacha na jua limerudi. Sikuwa na usingizi, wala homa. Nilimwona baba yangu miezi miwili baada ya kumzika, tukaongea. Kinachoniaibisha mpaka leo ni nilichomjibu.

Baba aliishi Mautuma, katika shamba la mahindi alilopata baada ya mzungu ambaye baba alimkamulia ng'ombe ujanani kurudi kwao. Mwaka jana alianza kukonda. Ugali ukawa unamkataa. Nikampeleka hospitali mjini Kakamega, akapigwa picha, akatolewa damu, kisha daktari akaniita pembeni. Ilikuwa saratani ya tumbo na ilikuwa imeenea. Akasema mzee aambiwe ili ajiandae. Akaniuliza kama ningependa yeye mwenyewe amwambie. Nikajibu, tena kwa kifua, "Nitamwambia mimi."

Sasa hebu nikuulize. Mimi huyu nikiitwa kuangalia ng'ombe wa mtu, namwambia mwenyewe wazi: huyu hataona Jumapili, tafuta mchinjaji. Wakulima wananipendea hilo. Lakini tulipoingia kwenye gari na baba akaniuliza, "Dakitari amesema aje?" ulimi wangu uligeuka wenyewe.

"Ni vidonda vya tumbo, baba. Utapona."

Nikapita duka la dawa za watu nikamnunulia zile tembe nyeupe za kutafuna. Bahasha ya majibu niliificha dukani kwangu, nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, na iko hapo hadi leo.

Baba aliniamini. Alizitafuna zile tembe kama mtoto aliyepewa peremende, na akaanza kupanga mambo. "Nikipona nitaenda kwa Barasa tuyamalize." Barasa ni mdogo wake. Mashamba yao yamepakana, na kwa sababu ya huo mpaka walikuwa hawajasemezana miaka kumi na minne. Kutoka mlango wa baba hadi mlango wa Barasa ni mwendo wa kumaliza kutafuna pingili moja ya muwa. Ningemwambia tu, "Baba, nenda leo," angekwenda. Kila wiki alisema nikipona, nikipona, nami naitikia kwa kichwa.

Mara moja tu aliniuliza. "Kijana yangu, na kama ni ile kitu ingine?" Nilimkemea. Nilimwambia aache kuongea mambo ya kufa, anajiitia. Fikiria, nilimkemea mzee aliyenizaa kwa kutaka kujua mwisho wake. Hakuuliza tena.

Mwishowe alizidiwa, akalazwa Kakamega, akafia wadini, asubuhi, sisi hatupo. Muuguzi alisema neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza ataruhusiwa lini kwenda nyumbani.

Siku ya kumtoa mochari, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinishika mkono. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hukaa karibu na jeneza na kumwonyesha marehemu njia. Tukitoka langoni unamwambia, tukifika mto unamwambia tunavuka.

"Lakini kwanza umwambie amekufa," shangazi alisema. "Mtu hawezi fuata njia ya maziko kama hajui amekufa. Na huyu, mimi najua hamkumwambianga kitu."

Nilicheka kidogo. Nikamwambia sisi tumeokoka, hayo ni mambo ya zamani. Wokovu wenyewe nilikuwa nimeukumbuka hapo hapo, niamini. Ukweli ni kwamba sikuweza kutamka maneno yale, "Baba, umekufa." Nikaenda kuketi mbele na dereva, nikafungua simu.

Tulipofika lile daraja dogo kabla ya Matete, gari lilizima. Dereva alijaribu mara tatu. Akanitazama, akasema polepole, "Mkubwa, ongea na mzee." Nikamwambia aangalie betri. Vijana walishuka wakasukuma, gari likawaka ng'ambo ya daraja, tukaenda tukazika. Kaburini Barasa alisimama mbele ya watu wote. "Ndugu yangu hakuniita," alisema, akalia kwa sauti mpaka akashikwa. Watu walidhani baba alikuwa na roho ngumu. Nami nilikuwa nimeshika maikrofoni, ningeweza kusema neno. Nilitangaza chakula.

Basi, miezi miwili baadaye natoka Kakamega na mzigo wa duka. Nafika darajani, namwona mzee amesimama upande wa kushoto, anainua mkono. Nikapunguza mwendo nimpe lifti. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu aliyoenda nayo hospitali, na mkononi kipande cha plasta pale walipotoa dripu. Sweta ile nilikuwa nimempa binamu yangu kwa mikono yangu. Barabara ilikuwa bado na maji ya mvua, lakini nguo zake zilikuwa kavu kabisa.

Aliinama dirishani. "Umechelewa, kijana yangu. Nasimamanga hapa kila siku."

Ungefanya nini? Usiniambie ungekimbia. Ile sauti ilikuwa ya baba, na mtu hakimbii sauti ya baba yake. Mdomo wangu ulifunguka.

"Shikamoo, baba."

"Dakitari amesema aje?"

Swali lile lile. Alikuwa amenitolea macho yenye matumaini, yale yale ya siku ya kwanza. Akaendelea, "Kama ameniruhusu, nipeleke nyumbani. Nataka nimwone Barasa. Hizi dawa nazo zimeisha." Akanionyesha kiganja. Kilikuwa na unga mweupe kidogo.

Nilijua la kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, na baada yake njia: baba, umekufa, panda twende nyumbani. Mungu alikuwa amenirudishia nafasi ambayo hakuna mtu hupewa mara ya pili. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Unaendelea vizuri, baba. Daktari amesema ungoje kidogo."

"Sawa," akasema. "Nitangoja. Asante kwa kunisumbukia."

Alinishukuru. Nikakanyaga mafuta nikamwacha pale, na kwenye kioo nilimwona akirudi kusimama mahali pake, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa foleni yake haijafika.

Nilimweleza shangazi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema hakuna mchungaji wala mganga wa kunisaidia. Aliyefunga ndiye hufungua, nirudi nikamwambie. Nimerudi mara tatu, na mara zote nimemkuta. Kila mara nashusha kioo, natafuta yale maneno mawili, natoa "Bado kidogo, baba." Mara ya mwisho nilikuwa nimemnunulia pakiti mpya ya tembe. Ndiyo, nilimnunulia. Alizipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi napitia njia ya mbali, ya kuzunguka, na mke wangu akiniuliza nasema barabara ile ina mashimo. Barasa ninamwona kanisani na sijamwambia. Wenye bodaboda wanakuja dukani wakisimuliana juu ya mzee mmoja mpole darajani, anayeuliza kama wamemwona kijana wake mwenye duka la dawa. Wananitazama. Ninajifanya nahesabu sindano za chanjo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walidhani anayeumbuliwa ni mgonjwa. Kama una mgonjwa nyumbani na unajua lililo ndani ya bahasha, kaa naye kitako umwambie, awaite anaotaka kuwaita. Usimwambie atapona. Atakuamini, kisha atakungoja.

Na nina ombi, ninaliomba nikiwa nimeinamisha uso. Ukipita daraja la kabla ya Matete mvua ikiwa imetoka kuacha, na mzee wa sweta ya kijivu akuulize daktari amesema nini, usiogope, hana ubaya. Msalimie. Mwambie kwa upole kwamba alikufa, na kwamba nyumbani ni mbele, apitie kwa Barasa. Akikuuliza kwa nini kijana wake hakumwambia mwenyewe, usinitetee.