Mbao Zilizopitishwa Msumeno

Abu Nawar alikuwa fundi vigae kule Daraa kabla vita havijamtupa jangwani Yordani, na hata baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi bado aliwapima watu kifundi: huyu kashiba saruji, huyu ukimgonga analia mvungu kama kigae kisicho na saruji chini. Ustadhi Wisam, msimamizi wa shirika lililomweka Abu Nawar awafundishe watoto wa kambi taekwondo, alilia mvungu mwili mzima. Wafadhili wakikaribia tu, hujipulizia marashi na kuanza kuhubiri ujasiri. Ujasiri! Mtu mwenyewe akiona nge anapanda kiti.

Asubuhi ya maonyesho mbele ya wafadhili, Abu Nawar alizigeuza mbao za kuvunjwa kwa teke, akakuta karibu zote zimepitishwa msumeno kwa nyuma hadi nusu.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi, kapteni," alisema Wisam, kama kambi nzima ilivyomwita kocha, hana hata haya. "Wageni wana kamera. Ubao ukigoma ni aibu."

"Aibu ni hii! Nguo ya kuazima haisitiri matako, bwana."

"Wewe funza mateke. Mengine niachie mimi."

Lo, mtu mzima huyo! Abu Nawar angemtemea mate, ila alimkumbuka Rimas. Rimas alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mlango wa bati ukibamizwa tu alikuwa akiingia chini ya meza. Jana alikuwa ameapa: "Ami, nikivunja ubao, siogopi tena."

Akamwita pembeni, akamwekea mbao mbili. "Huu umekatwa. Huu mzima. Chagua."

Rimas alipitisha kidole kwenye mkato. "Kumbe wanatuona punda?"

"Ndiyo, binti yangu."

Akachukua ule mzima.

Ukumbini wenzake walivunja mbao zao kama biskuti, wageni wakashangilia, Wisam akachekelea hadi magego yakaonekana. Zamu ya Rimas ikafika. Akainama kwa heshima mbele ya Abu Nawar aliyemshikia ubao, akapiga teke. Ubao haukutikisika. Wageni, Mungu awasamehe, wakapiga makofi vilevile.

"Acheni!" Rimas alifoka. "Mnashangilia nini? Sijavunja kitu!"

"Anasemaje?" mgeni mmoja alimuuliza Wisam kwa lugha yao.

"Anawashukuru kwa ujasiri mliompa."

Makofi yakazidi. Abu Nawar, aliyekuwa akiijua ile lugha kiasi, aliuelewa ule uongo. Rimas aliwapa wote mgongo.

"Shika tena, ami."

Akapiga la pili. La tatu. Kwenye la nne Wisam aliangalia saa, akawatoa wageni nje wakapigwe picha na vipande vya mbao zake. Mguu wa Rimas ulikuwa umevimba, machozi yanamtoka, na bado anarudi nyuma hatua tatu. Teke la saba likaupasua ubao katikati.

Hakuna aliyepiga makofi. Wenzake walisimama wakimtazama, vinywa wazi.

"Ami, sasa je?"

"Sasa umevunja," alisema Abu Nawar.