Alama ya Mkono Kwenye Shuka la Tausi

Shuka liliingia jeupe pee kwenye beseni, likatoka na mkono wa mtu.

Sitanii. Kiganja na vidole, rangi ya kahawia iliyokolea, katikati ya mkia wa tausi. Nikasugua. Wapi! Nikaongeza sabuni, ndiyo kwanza alama ikachanua.

Nikalianika hivyo hivyo uani bila kulitazama mara mbili, nikakimbilia jikoni.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliiacha darasa la tano ili nimuuguze mama, na tangu hapo kusema mbele za watu kunanitoa jasho.

Sasa lile shuka. Marehemu mama ndiye aliyeanza kulidarizi, tausi wawili wanatazamana, la kwenda na dada Furaha siku atakapoolewa. Mama akafa tausi mmoja akiwa hana mkia. Shuka likalala sandukuni miaka.

Furaha alipochumbiwa, nikalitoa. Nikashika sindano.

Mama Stefano, mke wa sasa wa baba, akaja kukaa karibu yangu. Anadarizi kuliko mimi, na mtaa wetu wote hapa Newala unajua.

"Nikusaidie kudarizi majani, mwanangu?"

"Hapana. Hili la mama."

Akanyanyuka taratibu. Hakuomba tena.

Tangu lianze, shuka halikuwahi kufuliwa. Kwetu maji ni ya kuhangaikia. Kazi ya sindano inafuliwa ikiisha, mara moja, basi.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa ameshafika kutoka Lupaso kwa ajili ya harusi. Alipoiona ile alama kambani, ungo ukamtoka mikononi.

"Marehemu Dominika huyu! Wifi yangu amekuja mwenyewe! Hataki!"

Majirani wakajaa. Shangazi akamgeukia Mama Stefano.

"Wewe umeligusa shuka la marehemu. Kitanda chake umelala, vitenge vyake umevaa, hata hili limekushinda kuliacha?"

"Sijaligusa, wifi."

"Huo mkono umeota kama uyoga?"

"Sijui, wifi."

"Basi harusini usikanyage. Nenda kwenu Chiwata, mtoto aolewe bila mikosi."

Mama Stefano alilitazama shuka kwa muda. Nilitegemea alie. Akaingia ndani kufunga mzigo.

Na mimi nilijua. Jamani, nilijua!

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilikuwa natoka shambani kuchomoa korosho kwenye matunda yake, mabibo, nanawa kwa maji ya kikombe, nashika sindano. Maji ya bibo hayaonekani kwenye nguo mpaka uifue. Mtoto yeyote wa huku anajua. Shangazi naye anajua, ila hasira zilishamfumba macho.

Nikajikausha. Nikakaa jikoni nachochea maharage.

Kibaya zaidi, moyoni nilisikia raha. Kidogo tu, kama mtu aliyelamba sukari ya kuiba.

Mara Mama Stefano akasimama mlangoni, mzigo kichwani.

"Mwanangu, hayo maharage hayajatiwa chumvi. Baba yako hapendi yakipooza."

Pale ndipo ile sukari ikageuka shubiri.

Nikatoka nje. "Ni mimi."

Sauti haikutoka. Nikarudia. "Shangazi, ni mimi. Ni maji ya mabibo. Mkono wangu huo."

"Leo umeongea!" Furaha akashangaa.

Nikaenda kambani, nikaweka kiganja juu ya alama ili wote waone.

Kikapotea.

Ile alama ilikuwa kubwa mno, imevipita vidole vyangu kote. Isipokuwa kimoja. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi, kimeishia katikati.

Watu wakageuka. Baba ndiyo kwanza alikuwa ameingia na baiskeli, dumu la uraka, pombe ya mabibo, nyuma. Mkono wake wa kulia, ule ambao panga lilikula kidole akipogolea mikorosho, akausukumiza mfukoni.

"Fortunatus," shangazi akamwita baba.

"Nilipita tu," baba akasema, akiangalia chini. "Nilikuwa natoka kukamua mabibo. Nikaona ndege amepata mkia. Nikataka... basi tu, nimguse."

Shangazi akakaa chini, vumbini.

Nikamsogelea Mama Stefano. "Ulijua?"

"Nilijua nilipoona kidole."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini mbele ya watu wote hawa? Kwamba mume wangu bado anapapasa shuka la marehemu mkewe?"

Hakusema kwa hasira. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Nikamtua mzigo. Nikaleta sindano na nyuzi za kijani.

"Nisaidie majani," nikamwambia.

Tukaufunika ule mkono kwa majani, yeye upande huu, mimi ule. Nilipokifikia kidole kifupi, akanizuia.

"Hicho kiache. Furaha amkumbuke baba yake."

Furaha ameshaolewa, shuka liko kitandani kwake, na wageni wanalisifia. Mimi wakinisifu, nainamisha kichwa. Wanadhani ni aibu zangu za kila siku.

Ndugu yangu unayesoma, mkono haukuwa wangu. Ukimya ulikuwa wangu, na hakuna majani ya kuufunika. Kama wewe ni mpole, usijivunie sana upole wako. Kuna siku unamfungia mwenzio mzigo.

Siku hizi Mama Stefano namwita mama. Ulimi bado unajikwaa, lakini yeye huitika kabla sijamaliza.