Suti ya Rangi Tatu

Mimi ndiye niliyemponza baba yangu, na nilimponza kwa penseli.

Tulikuwa tumekimbia Burundi, tukakaa kambini, kisha baba akapata pa kujaribia bahati Rusimbi, pale Ujiji, kwenye baraza la duka la vitambaa. Cherehani yake ilibaki nyumbani tulikotoka, na fundi asiye na cherehani nani atamwamini? Mwenye duka, mama wa Ujiji asiyechekacheka ovyo, alimwazima ya kwake kwa sharti moja. Kuna bwana harusi anataka suti. Akiipenda, baraza ni lako. Akiikataa, urudi kambini na wanao.

Bwana harusi alikuwa mchuuzi wa dagaa Kibirizi, kijana mwenye maringo ya kupendeza. Hakuleta picha.

"Shikamoo mzee. Nenda banda la video pale chini, alasiri wanaonyesha kanda za disko za zamani. Yule mwimbaji wa kwanza, nishonee kama yeye. Kila kitu."

Baba akanichukua mimi, binti yake wa miaka kumi na mmoja, kwa sababu nilijua kuchora. Hatukuwa tumewahi kuona televisheni.

Nilipenda palepale, sifichi. Wanaume walikuwa na nywele za afro, kola pana zimelala mabegani, vifungo vya shati wazi hadi karibu na kitovu, na viatu vya raizoni, soli nene kama tofali, ambavyo mama asingeniruhusu kuchotea maji. Nyuma yao wanawake watatu wamevaa magauni yanayometameta kama dagaa wabichi juani. Hakuna aliyekuwa na haraka. Walijigeuza taratibu, kana kwamba wanakuonyesha mshono. Mwimbaji wetu alivaa suruali ya bugaluu, pana chini hadi imefunika viatu, na suti yake ilikuwa ya rangi tatu: mabegani bluu, tumboni chungwa, kuanzia mapajani kijani. Akichuchumaa, bluu inageuka chungwa.

"Hicho kitambaa si cha mchezo," baba akaninong'oneza.

Hata uso wake ulikuwa wa bluu. Tukasema ni poda. Nikaandika kila rangi mahali pake kwenye daftari langu la hesabu.

Baba alishona siku nne, akinirudisha kwenye daftari kila mara. Siku ya tano bwana harusi alikuja, akaikunjua suti, akaigeuza mbele na nyuma. Mwenye duka akasogea, akaziba mdomo kwa mkono.

"Mzee," bwana harusi akasema hatimaye, "ile televisheni haina rangi. Mwenye banda amebandika plastiki ya rangi tatu kwenye kioo. Suti ya yule ni nyeupe! Kila mtu anajua."

Kila mtu isipokuwa sisi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo niseme kosa ni langu, baba akanikanyaga mguu, taratibu.

"Ni macho yangu," alisema. "Ila vaa kwanza, mwana wanje. Vaa uone."

Harusi ilikuwa kesho yake, angefanyaje? Akavaa. Akatembea hatua chache barazani, bugaluu ikapepea ikatulia. Akageuka taratibu, kama wale wa kwenye video, akajikagua mabega kwenye kioo cha duka. Hapakuwa na kunjo hata moja. Mimi nilikuwa nimeshikilia meza ya cherehani kwa mikono miwili. Mara akaanza kucheka.

"Rangi umeniua, mzee. Lakini suti imenikaa!"

Akaolea suti hiyohiyo. Ujiji walicheka hadi wakachoka, na wiki iliyofuata wakaanza kuja: nishonee kama ile, mzee, ila iwe rangi moja. Mwenye duka hakutaja kambi tena.

Mwaka jana niliipata video ile kwenye simu. Suti nyeupe pee. Nikampelekea baba, ambaye siku hizi anaishi Mwandiga na macho yake yamechoka, nikamwambia lile nililokaa nalo miaka yote: nisamehe, rangi niliandika mimi, na lawama ukaibeba wewe. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameisogeza simu karibu na pua, anangoja mwimbaji ageuke. Alipogeuka, baba akaweka kidole gotini, pale bugaluu inapoanza kupanuka.

"Ego," alisema, ndiyo ya kwetu. "Mshono ni uleule."