Sindano ya Pili Ndiyo Itakayomwondoa Mwanangu

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa, maana wifi yangu naye anausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mbili, ni mjane, naishi Same mjini na binti yangu wa miaka saba. Hapa nitamwita Nakijwa, si jina lake. Nauza ndizi na tangawizi kwa abiria wa mabasi.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Baada ya matanga ukoo wake ulikaa kikao kule milimani kwa mama mkwe. Wifi yangu, dada wa marehemu, anaishi Marekani na hakujaliwa mtoto, basi aliongea nasi kwa simu. Akasema, "Nipeni Nakijwa nimsomeshe huku, awe mwanangu. Damu ya kaka yangu haiwezi kukulia stendi."

Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi siku ile sikubisha hata neno moja. Nilikuwa nimechoka na msiba, na kila siku nilimwona mwanangu akisinzia juu ya maboksi ya ndizi. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, "Sawa wifi, mchukue."

Mambo ya safari yalikwenda vizuri, ikabaki chanjo. Wifi alisema shule ya huko haimpokei mtoto mwenye pengo la chanjo, na Nakijwa hakuwahi kuchomwa ile ya homa ya ini aina ya A, inayoletwa na maji na chakula kichafu. Nikaenda kliniki. Muuguzi akaniambia, "Mama, za kwetu mtoto amemaliza zote. Hiyo hatuna, kaulizie hospitali binafsi Moshi. Ni sindano mbili, ya pili baada ya miezi sita." Tukaenda Moshi. Mtoto alilia mpaka watu wakatoka vyumbani kuangalia kuna nini, nikambembeleza kwa soda.

Miezi sita ile, jamani! Nilimpikia makande kila alipoyataka. Nilimsuka, nililala naye kitanda kimoja, nilimwangalia akila kama vile namwona mara ya mwisho. Miezi ikatimia, sikumpeleka. Wifi alipopiga nikamwambia dawa imeisha. Alipopiga tena nikamwambia hivyo hivyo.

Roho inanisuta, kwa sababu ile ya pili ndiyo inayofanya kinga idumu. Yaani namnyima mwanangu kinga ili nisinyang'anywe mwanangu. Najua mtasema nimchome, kisha nimkatalie wifi. Lakini nikishamchoma sitakuwa na kisingizio chochote, na mdomo wa kukataa sikuupata hata siku ile ya kikao.

Juzi mama mkwe alishuka kutoka milimani na mkungu wake wa ndizi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo dawa imeisha kweli, au wewe ndiye hutaki?"

Nikalia. Nilitegemea anigombeze. Badala yake akavuta kigoda, akaketi karibu yangu.

"Huyo wifi yako nilimruhusu aende akiwa binti mdogo," akasema. "Neema ameipata, simkatalii, na mabati ya nyumba yangu ni yake. Lakini kaka yake tumemzika yeye akilia kwenye simu. Mimi sikwambii umpe wala umnyime. Ila mtoto akishaondoka, nyumba inakuwa na kimya ambacho hata redio haikiondoi."

Akanawa uso, akaondoka kuwahi gari la kupanda mlima. Alinihurumia, lakini aliniacha pale pale aliponikuta.

Sasa sikieni kilichonifanya niandike. Jana jioni nilikuwa namwogesha Nakijwa, akaniuliza, "Mama, hatuendi tena Moshi kwa sababu nililia?"

Nikamwambia hapana, hujakosea kitu.

"Safari hii sitalia, kweli tena." Kisha akanishika mkono hapa juu, akaukagua upande huu na upande huu. "Na wewe yako utachomwa lini, mama? Wasije wakakukatalia kupanda ndege."

Nilimmwagia maji kichwani afumbe macho, asinione. Kumbe muda wote huu mwanangu anajua tunaondoka wawili. Hakuna aliyewahi kumwambia vingine, si wifi, si bibi yake, si mimi niliyemzaa.

Ndugu zangu, hasa ninyi mliowahi kumtoa mtoto akalelewe mbali, nishaurini. Nimpeleke Moshi akachomwe, au nimpigie wifi nimwambie nimelirudisha neno langu, na kesho mtoto akinilaumu kwa kumfungia riziki nikubali lawama? Nifanye nini? Maana leo asubuhi kabla hajaenda shule ameniuliza tena, "Mama, yako lini?"