Robo tatu ya inchi inayomkosesha raha fundi Verlin

Saa mbili asubuhi. Verlin Haugerud anausukuma mlango wa karakana yake kwa bega, kwa sababu umevimba tangu mvua za Juni na hajapata muda wa kuupiga randa. Anawasha jiko la kuni, anateleka birika la kahawa, kisha anaiendea bunduki iliyobanwa kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani.

Haigusi. Anaizunguka mara moja, anapuliza vumbi ambalo halipo, anarudi kwenye kahawa. Leo ni siku ya tatu anafanya hivyo.

"Nimekata vitako vya bunduki zaidi ya elfu moja," anasema. "Hiki kinanishinda."

Haugerud, mwenye miaka 74, ni fundi wa bunduki za wenzo hapa Lewistown, Montana. Ni zile ambazo mwindaji huzikoki kwa kusukuma mbele kipete cha chuma kilicho chini ya kifyatulio na kukirudisha. Watu wa ranchi hurithishana bunduki hizo, lakini mikono na mabega hayarithiwi kwa kipimo. Babu akiwa na mikono mirefu, mjukuu atahangaika. Ndipo anapokuja kwa Verlin, naye hufupisha kitako, huinua pale shavu linapoegemea ili jicho likutane na shabaha, na hupanua kipete ili vidole vyenye glavu vipite.

Kwa kazi hiyo hutoza dola 350. Zamani alipata bunduki sitini kwa mwaka. Mwaka jana alipata kumi na nne.

"Vijana wananunua kitako cha plastiki kina skrubu ya kurefusha," anasema. "Wanajipimia wenyewe mbele ya televisheni. Sawa tu. Mimi nami meno yangu ni ya plastiki, siwezi kucheka mtu."

Upimaji wake hauna mashine. Mteja hukunja mkono, kitako kikakaa kwenye kiwiko, kidole kikatafuta kifyatulio. Verlin husoma fimbo ya mbao aliyoachiwa na baba yake, kisha huandika namba kwenye kadi kwa penseli. Sharti ni moja: uje na koti lako la msimu wa baridi, hata kama ni Agosti, kwa sababu koti nene hula inchi ya bega kimyakimya. Ukipita karibu na karakana hii wakati wa kiangazi utawakuta wanaume wazima wamesimama ndani na makoti ya sufu, wanachuruzika jasho, wanamtukana fundi na yeye anawatukana vilevile.

Kadi zote ziko kwenye bati la biskuti. Anatoa moja na kuiweka mezani.

Juu imeandikwa Orrin Skaar. Chini yake kuna namba mbili. Ya kwanza, inchi kumi na mbili na robo tatu, imekatwa kwa mstari. Ya pili, kumi na tatu na nusu, imeandikwa kwa mkono uliokazwa.

"Ile iliyokatwa ndiyo ya kweli," anasema.

Skaar alikuwa mfuga ng'ombe wa upande wa milima ya Snowy na rafiki yake wa miaka hamsini. Bunduki iliyo kwenye jiliwa ni yake, na kitako chake ndicho cha kwanza Verlin kukichonga kwa mkono wake mwenyewe, Skaar alipokuwa kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala. Kipimo chake siku hiyo kilikuwa kumi na tatu na nusu.

Mwaka juzi mzee alirudi. Alikuwa na miaka 79, shingo haiinami tena, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Alitaka bunduki ile ile imkae sawa kwa msimu mmoja zaidi wa elki, wale kulungu wakubwa wa huku. Hakusema ni wa mwisho. Verlin anasema hakukuwa na haja ya kusema.

Anayakumbuka maneno yote ya siku hiyo.

"Umeandika ngapi?" Skaar aliuliza.

"Kumi na mbili na robo tatu."

"Hicho ni kipimo cha wanawake."

"Umejikunyata, Orrin. Simama wima."

"Nimesimama wima, bwana wee. Hapa ndipo wima yangu inapofika siku hizi."

Kisha mzee aligeuka, akaangalia dirishani. 

"Fimbo hii ya kizamani," Verlin alisema. "Pengine imepinda."

Akaikata namba ya kwanza, akaandika ile ya ujana. Skaar akacheka, wakanywa kahawa, wakasengenya majirani mpaka adhuhuri.

"Nilimwonea haya," Verlin anasema sasa. "Hayo tu. Kinyozi hamwonei haya mwenye upara, na mimi kazi yangu ni kupima. Nilimpima, nikaona, nikaandika uongo."

Kazi nyingine yote aliifanya kwa moyo. Alipachika kipande cha mbao ya mjozi pale pa shavu, na kiungo chake ukikitafuta kwa ukucha hukioni. Kipete alikipasha moto, akakipanua, akakizungushia ngozi laini ya kulungu ili kisimuumize mzee vidole. Urefu wa kitako ndio pekee ambao hakuugusa.

Msimu ulipokwisha Skaar alipita karakanani. "Bunduki imenikaa vizuri kabisa," alimwambia. "Elki ndio hawakuja." Alifariki Machi iliyofuata.

Verlin aliishi na jibu hilo kwa karibu miaka miwili, na lilimtosha. Kisha wiki mbili zilizopita bintiye marehemu, Lorna Skaar, mwenye miaka 52, aliileta bunduki. Ranchi sasa ni yake, na anataka msimu huu aingie milimani na bunduki ya baba. Alikuja na koti, akakunja mkono. Fimbo ikasema kumi na mbili na robo tatu.

Wakati Verlin anaandika, Lorna alisimulia jambo kwa kulipitia tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Alikuwa na baba yake siku ya kwanza ya msimu ule. Dume la elki lilijitokeza hatua themanini mbele yao, likasimama ubavu. Baba akainua bunduki, kitako kikanasa kwapani kwenye koti. Akashusha, akainua tena, kikanasa tena. Elki akasikia sufu inakwaruza, akaondoka zake akitembea, hakuona hata sababu ya kukimbia.

"Baba akasema ni koti," Lorna alimalizia. "Atanunua jingine."

 Jumatatu wiki hii Verlin alifungua kamba za kifuko cha ngozi kilichovishwa kitakoni, kile cha kuwekea risasi, ili aanze kukata. Chini ya ngozi alikuta mstari wa penseli umezunguka kitako, umetetemeka kama njia ya siafu. Akaupima. Ulikuwa robo tatu ya inchi kutoka mwisho. Pembeni palikuwa na mkwaruzo mdogo wa meno ya msumeno, uliopita mara moja tu na kuachwa.

Ndiyo maana bunduki ina siku tatu kwenye jiliwa.

Saa nne kasoro Lorna anaingia, koti begani, mkononi soseji za elki zilizofungwa kwenye gazeti.

"Bado tu?" anauliza. "Verlin, msimu unafunguliwa tarehe ishirini na tano ya mwezi wa kumi. Wa mwaka huu."

"Kaa, mtoto." Lorna ni bibi wa wajukuu wawili, lakini kwa Verlin bado ni mtoto wa Orrin.

"Sikai. Nina ng'ombe anazaa, sijui nani alimshauri azae Septemba."

"Kaa, Lorna."

Anakaa. Verlin anamsogezea kadi na kumweleza. Hapambi maneno, wala hajitetei. Anasema kipimo cha kweli kilikuwa hiki, mimi nikaandika hiki, na elki wa baba yako aliondoka kwa sababu yangu, si kwa sababu ya koti.  Kisha anamwonyesha mstari wa penseli.

Lorna anaupitisha kidole mstari ule, taratibu, mpaka unaporudi ulipoanzia.

"Tulirudi siku ile, nikamkuta mezani jikoni na msumeno," anasema. "Nikamuuliza, baba, unafanya nini? Akasema, hii ni kazi ya Verlin, nikiikata ataona nimemsahihisha. Akafunga tena kamba za kifuko."

"Angekuja kwangu."

"Angekuja kukwambia nini? Kwamba amekuwa mfupi?" Anafuta pua kwa kiganja cha glavu. "Nyinyi wawili. Miaka hamsini mnatukanana kila siku, siku ya kusemana ukweli mkaoneana haya."

"Nimekukosea, Lorna. Na yeye nimemkosea."

"Umemkosea," anasema. Hamwambii kwamba yameisha. Anainuka na kusimama karibu na jiliwa. "Haya, kata. Kata hapo alipochora."

Mwandishi huyu ameishi mtaa mmoja na Verlin Haugerud kwa miaka ishirini na mbili, na hajawahi kumwona akikata bila kupiga mstari wake mwenyewe kwa rula. Leo hapigi. Anaufuata mstari wa Skaar ulivyo, pamoja na mtetemeko wake, kisha anausawazisha kwa tupa na msasa. Kipande kinaanguka, chembamba, cheusi kwa mafuta ya mikono. Hakitupi motoni kama vipande vingine. Anakitia kwenye bati la biskuti, juu ya kadi.

Anarudisha bamba la chuma la mwisho wa kitako, anafunga skrubu mbili, anampa. Lorna anavaa koti, anainua bunduki kuelekea ukuta usio na kitu. Inapanda begani bila kukwaruza. Anaishusha, anainua tena. Mara ya pili Verlin anageuka na kuchokonoa moto ambao hauhitaji kuchokonolewa.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo Verlin atamlea mpaka mwisho, mwenyewe anakiri. Lakini ana mpango. Tarehe ishirini na tano atapanda na Lorna mpaka pale dume lile la elki liliposimama, na ataichukua bunduki yake mwenyewe, ambayo hajaigusa kwa misimu minne. Anasema ni magoti. Alipobanwa kidogo alikiri kwamba nayo ilikuwa imeanza kunasa kotini.

Anatwaa koti lake la sufu ukutani, analivaa, anakunja mkono. Anamkabidhi Lorna ile fimbo ya baba yake.

"Soma kwa sauti," anamwambia. "Na usinionee haya."

Lorna anainama, anasoma, anasoma tena.

"Ulikuwa na ngapi zamani?"

"Kumi na nne."

"Kumi na tatu," Lorna anasema. "Kasoro kidogo."

Verlin anachukua kadi mpya, anaandika jina lake. Anaishikilia penseli juu ya karatasi muda mrefu kiasi cha kahawa kuanza kuchemka upya.

"Kasoro kiasi gani?" anauliza, na anaandika anachoambiwa.