Bati la Pembeni mwa Tuta la Mama

Mambo ya bati aliyaanzisha baba. Alipasua pipa kuukuu la mafuta, akalikata vipande virefu, akavisimika ardhini kuzunguka tuta la mama, lile linaloanza mlangoni pa nyumba yetu ya kijijini Wamaza na kwenda mpaka jikoni, ng'ambo ya uwanja. Bila ukingo ule mvua ya kwetu ingelibeba tuta zima, lengalenga, mchicha wetu, pamoja na maua ya mama, ambayo baba aliyanung'unikia maisha yake yote. "Mboga isiyoingia chunguni," alikuwa akisema, kisha ni yeye aliyeyamwagilia maji. Harufu ya udongo ule jioni, baada ya maji, naikumbuka mpaka leo.

Baba alipotutoka, macho ya mama yakaanza kufifia. Mwenyewe hakusema neno. Tulitambua kwa mwendo wake: kichwa ameinamisha, anaufuata ukingo wa tuta mpaka jikoni, na akirudi anaufuata tena. Lakini bati la pipa lilikuwa limeliwa na kutu, limeota meno. Msimu mmoja wa mvua lilimchana kifundo cha mguu, na kidonda kikachelewa kupona.

Hapo yaya akapata la kusema. Yaya ni kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa Salamabila, mtu aliyezoea kuamua jambo huku pikipiki bado inanguruma. Alitaka mama ahamie kwangu Kasongo, ambako nauza vitenge sokoni. Mimi ningefurahi sana kukaa naye. Mama ndiye aliyekataa. Alisema Kasongo ni mji mzuri, hana ubaya nao, lakini yeye jikoni kwake ni hapa. Yaya alishikilia lake, mama alishikilia lake, na mimi katikati nikiwagombeza wote wawili, maana subira sikujaliwa. Mwisho tukapatana: tutaweka ukingo mpya usiokata mtu wala kuoza upesi. Akiweza kujiendesha, abaki. Tukiona mambo yamemshinda, atafunga vitu vyake bila maneno.

Tukaenda kuchagua Kasongo, kwenye duka moja la vifaa vya kujengea. Nilidhani bati ni bati. Mwenye duka alitulazia sakafuni mabati ya namna tatu. La kwanza jeusi, chuma kitupu, zito. Hilo alisema likikaa kwenye udongo mbichi litakuwa kama la baba. La pili lilipakwa zinki, jeupe, linang'aa mpaka unafumba jicho. La tatu lilikuwa na zinki chini na rangi ya kijani juu, rangi ya kiwandani. Alilikwaruza kwa ufunguo wake ili tuone inavyong'ang'ania.

Yaya akauliza kama kinachodumu ni kile kinene. Mwenye duka akasema unene unasaidia, lakini udongo hauoni unene, unaona ngozi. Ngozi ikichubuka, kutu imepata mlango. Akatuonya kwamba pale fundi atakapokata, papakwe rangi ya mafuta siku ileile, na jivu la jikoni lisirundikwe kando yake, maana jivu likilowa hula zinki. Hapo nikacheka. Mwanamke gani wa kwetu halimi mboga kwa jivu? Ndilo tunalowafukuzia wadudu.

Tukachukua la kijani, na tulilipenda wote. Mimi lilinikumbusha bustani ya shule ya masista, mahali ambapo tulikatazwa hata kuegemea ukingo wake. Mwendesha pikipiki aliyelibeba, limeviringishwa kama mkeka, alinung'unika kutoka Kasongo hadi Wamaza. Fundi wa kijijini akalikunja ukingo wa juu ili usikate mguu, akalifukia chini vizuri. Mama alipitisha kiganja chake juu yake, kutoka mlangoni mpaka jikoni, taratibu.

"Aksanti," akasema. "Iko laini."

Sisi tukaridhika. Yaya akapiga picha kwa simu, akaituma kwa ukoo mzima.

Tulirudi pamoja kiangazi, mchana. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao chake kando ya tuta, ameshika fumba la majani makavu ya mgomba, mbele yake sahani ya jivu na mchanga. Anasugua bati. Kutoka mlangoni hadi karibu na jikoni hapakuwa na kijani tena, palikuwa peupe, panameremeta. Na chini, pale jivu lilipokuwa likidondoka na kulowa, kutu ilikuwa imekwisha anza.

Yaya akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo mama aliisikia vizuri: "Akili imeondoka. Umeona wewe mwenyewe."

Nilimtetea mama, na kwa hasira. Kwetu mwanamke anapimwa kwa matako ya sufuria zake. Asubuhi unazipanga juani, zimesuguliwa kwa mchanga na jivu mpaka zinawaka, na kila apitaye anajua humo ndani mnaishi watu wa aina gani. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. "Ulifikiri umuwekee chuma mlangoni, asikisugue?" nikamwambia yaya. "Ni mazoea tu."

"Sufuria ni sufuria," akajibu. "Hii ni ya maua. Mama, tulipatana. Kesho asubuhi unaenda Kasongo."

Mama aliendelea kusugua. Nilimtazama mikono yake, vidole vimepauka kwa jivu, nikaona hata mimi sina tena la kumtetea. Niliona uchungu, uchungu wa kweli, maana nilikuwa nimeanza kumwamini yaya.

Ndipo akaliweka fumba chini.

"Hii rangi yenu iko sawa na majani," akasema. "Sione. Siku za kwanza nilitoka mlangoni nikajikuta katikati ya lengalenga. Siku ingine nikafika kwa jirani, nikamwambia nimekuja kumusalimia. Hapa nimesugua, jua ikipiga, naona mustari. Naenda jikoni, narudi. Mwenyewe."

"Kwa nini hukutuambia?" yaya akauliza.

"Ningewaambia, mungenihamisha."

Uso wake ulikuwa umeelekea kwetu, umetulia, kama siku zote alivyokuwa akitutazama tukirudi kutoka shambani au shuleni. Nikafikiri juu ya mara zote alizotupokea uwanjani pale, akituita kila mmoja kwa jina, tukaondoka tukiambiana kwamba bado anaona vizuri.

Yaya akachuchumaa mbele yake. "Na sisi, mama? Sisi unatuona?"

"Ninyi munasema," akajibu. "Bati haisemi."

Yaya akakunja mikono ya shati lake jeupe la safari, akachota jivu kwenye sahani, akaanza kusugua kipande kilichobaki, kile cha karibu na jikoni.