Sista na Mikono ya Mabingwa

Sista anayewanoa upya madaktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ana kucha fupi na sauti ya kubembeleza mtoto. Hagombani na mtu. Asubuhi hiyo bingwa mkuu alipomwambia, "Sista, haya ya kunawa mikono tuyaruke, sisi si wanafunzi," alitabasamu tu. "Sawa, baba." Kisha akasimama mlangoni, kama kawaida yake, akamshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili, akiulizia watoto, asimwachie upesi. Viganjani alikuwa amejipaka unga usioonekana, usiomdhuru mtu. Baada ya chai alifunga mapazia, akawasha taa ya zambarau inayoufichua. Unga uling'aa kwenye vikombe, kwenye simu, kwenye mkate uliobaki, na pua ya bingwa mkuu ikawaka kama taa ya breki.

"Mngekuwa mmetoka wodini," alisema kwa upole, "hapa tungekuwa tumeshakunywa kipindupindu."

Kicheko kiliwatoka, kikawakauka midomoni. Bingwa mkuu ndiye aliyetangulia bombani. Sista alimsimamia, kichwa amekiinamisha upande, akicheka kimoyomoyo.

"Haya, nimemaliza."

"Bado, baba. Hicho kidole gumba."